Ramani ya Tovuti na Watu Walioifungua

Je, wageni wa tovuti wanaihitaji kweli ramani yake? Ndilo swali nililohangaika nalo kwa miaka. Miezi michache baada ya kuajiriwa katika Kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja cha kati mjini Morogoro, mwaka 2014, nilikabidhiwa karatasi yenye orodha ya mapungufu ya tovuti ya chuo. Ilikuwa imeandikwa na mtaalamu mwelekezi aliyekaa nasi siku mbili akaenda zake, na katika kipengele cha nne alikuwa ameweka maneno manne tu: hakuna ramani ya tovuti. Mkuu wangu wa kitengo aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, anza na hili, maana ndilo jepesi."

Halikuwa jepesi. Ramani ya tovuti, kwa maana aliyoikusudia mtaalamu yule, ni ukurasa mmoja unaoorodhesha kurasa nyingine zote kwa mafungu, kila jina likiwa kiungo, ili mgeni aone kwa mara moja vilivyomo. Ili uorodheshe kurasa zote ni lazima kwanza uzijue, na pale chuoni hapakuwa na mtu aliyezijua. Nilianza kwa kufuata menyu, nikaandika kila nilichokikuta katika daftari. Kisha nikafungua mafaili yenyewe kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nikagundua kwamba menyu ilikuwa inaonesha sehemu ndogo tu ya yaliyokuwemo. Kulikuwa na folda iliyoitwa "mpya", nyingine "mpya2", nyingine "mpya_mwisho", na chini yake "mpya_mwisho_kabisa", na ndani ya kila moja zilikuwemo kurasa ambazo bado zilifunguka kwa yeyote mwenye anwani zake. Kulikuwa na kozi iliyofutwa miaka mingi kabla sijafika, yenye sifa za kujiunga na kila kitu. Kulikuwa na kurasa yatima, yaani kurasa ambazo hapakuwa na ukurasa mwingine wowote unaoelekeza kwazo, zikikaa pekee kama nyumba isiyo na njia.

Kilichonisumbua zaidi zilikuwa kurasa za ada. Zilikuwa tatu, kila moja na kiasi chake, na zote tatu zilidai kuwa ni za mwaka wa masomo unaoendelea. Nilizichapa nikazipeleka ofisi ya uhasibu ili niambiwe ipi nibakize. Mhasibu alizipanga mezani, akazisoma moja baada ya nyingine bila haraka, akaniambia kwamba hakuna hata moja iliyo sahihi.

Kazi iliyokadiriwa kuwa ya siku moja ilichukua wiki tatu, na sehemu kubwa ya wiki hizo haikuwa ya kompyuta bali ya kutembea ofisi kwa ofisi nikiuliza kama jambo fulani bado lipo. Sikulitambua hilo kwa wakati ule, lakini faida ya kwanza ya ramani ilikuwa imekwisha kupatikana kabla mgeni yeyote hajaiona: kwa mara ya kwanza chuo kilikuwa na mtu mmoja aliyejua tovuti yake ilikuwa inasema nini. Wakati huo mimi niliona hayo yote kama usumbufu wa kuupita ili nifike kwenye kazi yenyewe.

Ukurasa ulipokamilika niliuwekea kiungo chini kabisa ya kila ukurasa, kando ya haki miliki na sera ya faragha, mahali ambapo tovuti nyingi huweka kiungo hicho, nikakiita "Ramani ya Tovuti". Niliupenda. Nilikuwa nikiufungua mwenyewe mara kadhaa kwa siku ili kuutazama tu, jambo ambalo, kama nitakavyoeleza, lilinipa takwimu za uongo.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza nilifungua ripoti za Webalizer, ile programu inayokuja pamoja na huduma nyingi za kukodisha nafasi ya tovuti na inayosoma kumbukumbu za seva na kuhesabu nani amefungua nini. Ramani yangu ilikuwa miongoni mwa kurasa zilizofunguliwa sana. Nilimweleza mkuu wa kitengo, naye akaliweka jambo hilo katika taarifa ya robo mwaka. Baadaye tu, nilipoacha kutazama muhtasari na kuanza kusoma mistari ya kumbukumbu yenyewe, ndipo nilipoona ni akina nani waliokuwa wakiifungua. Mstari baada ya mstari ulikuwa wa Googlebot au bingbot, roboti za injini za utafutaji ambazo kazi yake ni kufuata kila kiungo zinachokikuta, na ukurasa wenye viungo vyote, uliounganishwa na kila ukurasa mwingine, kwa roboti ni karamu. Mistari mingine mingi ilitoka kwenye anwani ya mtandao ya ofisi yetu, yaani kwangu mimi. Nilipoviondoa vyote viwili, waliobaki kwa mwezi mzima wangehesabika kwa vidole vya mikono miwili.

Hapa inafaa nitenganishe vitu viwili ambavyo sisi pale ofisini tulivichanganya kwa muda mrefu kwa sababu vina jina moja. Iko ramani ya watu, hiyo niliyoieleza, na iko ramani ya mashine, faili la XML, yaani lililoandikwa kwa mpangilio wa kusomwa na mashine, ambalo mgeni wa kawaida hana sababu ya kuliona. Utaratibu wa faili hilo ulianzishwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali, ukawa wa pamoja. Faili moja huruhusiwa kubeba anwani zisizozidi 50,000, na kila anwani inaweza kuandikiwa tarehe ambayo ukurasa wake ulibadilishwa mara ya mwisho. Mimi, kwa ujanja wa kijinga, niliwahi kuitengeneza yetu iandike tarehe ya leo kwa kurasa zote kila siku, nikidhani Google wangetutembelea mara nyingi zaidi. Google wamekwisha kueleza kwamba tarehe hiyo huitumia pale tu inapothibitika kuwa ya kweli, na kwamba alama za umuhimu wa ukurasa, ambazo nilizipandisha zote hadi juu kabisa, huwa hawazisomi kabisa. Hayo ni ya mashine. Swali la kama wageni wanaihitaji ramani ni jambo jingine.

Ili kulijibu nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kukaa, msimu wa udahili wa mwaka 2016, katika steshenari iliyokuwa ng'ambo ya barabara mbele ya lango la chuo. Anayeijua Morogoro, au mji wowote wa Tanzania wenye chuo, anazijua steshenari hizi: chumba kimoja, mashine ya kutoa nakala inayopiga kelele, kompyuta mbili au tatu, na foleni ya vijana wenye vyeti ndani ya bahasha za kaki. Waombaji wengi wa vyuo vyetu hawajazi fomu peke yao nyumbani, bali huja pale na mzazi, kaka au rafiki, wakamkalia mhudumu pembeni. Nilidhani nakwenda kuwatazama watumiaji wa tovuti. Kumbe mtumiaji mkuu wa tovuti yetu alikuwa yule dada mwenye steshenari.

Nilikaa pale siku nne. Wengi wa niliowaona hawakupita hata mara moja kwenye ukurasa wa mbele, ule ambao sisi ofisini tuliugombania katika vikao kwa ajili ya picha ya nani ikae juu. Waliandika jina la chuo na maneno "fomu ya kujiunga" kwenye Google, wakabofya jibu la kwanza, wakatua moja kwa moja juu ya faili lenyewe, kama abiria wa bodaboda anayeshushwa mlangoni bila kujua nyumba iko mtaa gani. Wengine walikuwa wametumiwa kiungo kwa WhatsApp na aliyetangulia. Walipotua mahali pasipo sahihi, hawakutafuta njia ndani ya tovuti. Walirudi Google wakaanza upya kwa maneno mengine. Wachache walioanzia ukurasa wa mbele walitazama katikati, wakateremsha kidogo, wakapandisha tena, wakafungua menyu, na ikishindikana wakageuza shingo kwa dada mwenye duka: "Dada, ada wanaweka wapi?" Katika siku zote nne sikumwona hata mmoja aliyeshuka hadi chini ya ukurasa akatafuta ramani kwa nia ya kujua vilivyomo. Nilipofikiri zaidi nikaona kwamba halikuwa jambo la ajabu. Mgeni anayefika Kariakoo akitafuta duka la vitenge hatafuti mchoro wa mitaa. Anamuuliza wa kwanza atakayekutana naye, na akielekezwa vibaya anamuuliza wa pili.

Nimesema hakuna aliyeshuka kwa nia hiyo, kwa sababu yupo mmoja aliyeshuka kwa nia nyingine. Alikuwa mzee aliyemleta binti yake kutoka mbali, na wakati binti akijaza fomu, yeye alikuwa na simu mkononi akiisogeza tovuti yetu kwa kidole. Nilimwona akifika chini, akabofya "Ramani ya Tovuti", na moyo wangu ukaruka. Alikodoa macho kwenye orodha, akapandisha, akateremsha, kisha akanigeukia kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Kijana, hii ramani mbona haina barabara?"

Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, ulikuwa unatafuta nini?"

"Marahaba. Nataka kuona njia ya kutoka stendi ya Msamvu mpaka hapa chuoni, ili mama yake akija kumtembelea asisumbuke."

Nimelitumia tukio hilo kuwachekesha wenzangu mara nyingi, ila lilinifundisha jambo ambalo vitabu vya Kiingereza nilivyokuwa nikivisoma havingeweza kunifundisha. Katika Kiingereza neno la ramani ya tovuti limekwisha kuzoeleka kama jina la kitu hicho. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mtu akiona neno ramani chini ya ukurasa wa chuo anatarajia kuona njia ya kufika chuoni, na ana haki. Tulikuwa tumetafsiri jina tukadhani tumetafsiri maana.

Jambo la pili nililolipata steshenari lilikuwa limebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, juu ya kompyuta ya katikati. Ilikuwa karatasi moja ya A4 iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, mistari minane, kila mstari ukiwa na jina la jambo na anwani yake ndefu ya tovuti: fomu ya kujiunga, ada, kupata namba ya malipo, majina ya waliochaguliwa, matokeo, mkopo, ratiba, kuhama chuo. Si yote yaliyokuwa ya tovuti yetu. La mkopo lilikwenda Bodi ya Mikopo, na la kuhama lilikwenda kwingine. Dada yule hakujali mpaka wa tovuti uko wapi, alijali safari ya mteja wake inaishia wapi. Nilisimama nikaisoma karatasi ile muda mrefu. Ramani yangu ilikuwa na viungo zaidi ya mia moja, ikipangwa kwa idara: Utawala, Taaluma, Fedha, Mipango. Yake ilikuwa na minane, ikipangwa kwa shida za watu, na wateja wake waliitumia kutwa nzima.

Nilirudi ofisini nikiwa na huzuni kidogo, nikaanza kutafuta wengine wamesema nini juu ya jambo hili. Nikakutana na taarifa za Jakob Nielsen na wenzake wa Nielsen Norman Group, kampuni inayochunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti, ambao walikuwa wamewatazama watumiaji kwa jicho hilohilo. Katika utafiti wao wa kwanza, ulioandikwa mwaka 2002, walipowataka watumiaji wajifunze mpangilio wa tovuti, asilimia 27 walikwenda kwenye ramani. Waliporudia miaka kadhaa baadaye na kutoa matokeo mwaka 2008, ilibaki asilimia 7. Zingatia kwamba hao walikuwa wameombwa waufahamu mpangilio, kazi ambayo ndiyo hasa ramani imewekewa, na bado ni wachache hivyo. Nielsen hata hivyo alishauri ramani zisiondolewe, kwa hoja kwamba kuiweka hugharimu kidogo na huwafaa wachache wanaoifikia. Mimi nilisoma asilimia, sikutilia maanani ushauri.

Kwa hiyo mwaka 2019, tulipoihamishia tovuti kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti, niliifuta ramani. Nilikuwa na hoja kamili: hakuna anayeifungua, inachakaa kila mara ukurasa unapoongezwa, jina lake linapotosha, na sasa tunacho kisanduku cha kutafutia. Hakuna aliyepinga kikaoni. Mkuu wa kitengo, yule yule wa kalamu nyekundu, alisema tu kwamba kitu kisichotumika ni mzigo.

Malalamiko ya kwanza yaliyofika hayakuhusu ramani. Dada wa steshenari alivuka barabara, akamwomba mlinzi aniite, akaniambia, "Kaka, mmeniharibia karatasi yangu." Mfumo mpya ulikuwa umebadilisha anwani za kurasa zote, na mistari yake ya ukutani sasa ilileta ukurasa mweupe wenye maneno kwamba kilichotafutwa hakikupatikana. Nilikaa usiku mmoja nikiandika maelekezo ya kudumu kwenye seva, ya aina ya 301, ili kila anwani ya zamani impeleke mtu kwenye mpya. Orodha ya anwani za zamani niliipata wapi? Kwenye nakala ya ramani niliyoifuta, niliyokuwa nimeihifadhi kwa kuionea haya.

Malalamiko ya pili yalikuja kwa simu, kama wiki mbili baadaye. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mwalimu wa sekondari katika wilaya jirani, akaniambia kwa upole kwamba yeye haoni, kwamba huwasaidia wanafunzi wake wa kidato cha nne kuchagua vyuo, na kwamba ule ukurasa wa ramani haupatikani tena. Aliuliza kama ni hitilafu ya muda. Sikuwa na jibu la haraka, na ukimya wangu ulitosha kumjulisha. "Mmeuondoa," alisema. Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu. Tuliona hautumiki." Alicheka kidogo, bila ubaya, akasema, "Basi mimi ndiye asiyetumia."

Nilimwomba nimtembelee, naye akakubali. Nilimkuta katika ofisi ya walimu akiwa na kompyuta mpakato na kipaza sauti cha sikio moja, akitumia NVDA, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Sauti ya programu iliyasoma maneno yetu ya Kiswahili kwa lafudhi ya chuma na kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata hata neno moja kati ya matano, na yeye akaifuata yote. Alinifungulia tovuti yetu mpya. Menyu tuliyojivunia ilikuwa imetengenezwa ifunguke pale mshale wa kipanya unapopita juu yake. Yeye hatumii kipanya. Kwake menyu ile ilikuwa na maneno matano, na chini ya maneno hayo hapakuwa na kitu. Kisha alinifungulia tovuti nyingine yenye ukurasa wa orodha, akabonyeza herufi H, akaruka kutoka kichwa cha fungu hadi kichwa kingine, akabonyeza tena, tena, na kwa muda usiozidi wa kumeza mate alikuwa amepita tovuti nzima.

Nilimuuliza kama kisanduku cha kutafutia hakimtoshi. Jibu lake ndilo sababu ya mimi kuandika simulizi hii. Alisema kwamba kutafuta kunamfaa mtu anayejua jina la anachokitafuta, naye mara nyingi hajui ninyi chuoni mmekiitaje. Yeye anasema hosteli, ninyi mmeandika malazi ya wanachuo, na kisanduku kinamwambia hakuna. "Na hata kikileta," alisema, "hakiniambii kama ndiyo yote. Nikisoma ile orodha mpaka mwisho najua nimemaliza. Kama hamjaandika kuhusu wanafunzi wasioona, najua hamjaandika. Siendelei kuhangaika."

Nilikuwa nimeipima ramani kwa swali moja tu, yaani kama inawafikisha watu wanakokwenda, na kwa kipimo hicho ilikuwa imeshindwa kweli, wala sijabadili mawazo. Wanaojua wanakokwenda wana njia fupi zaidi. Lakini sikuwa nimefikiri kwamba yako mahitaji ambayo si ya kufika, ni ya kuhakikisha: kuwa na yakini kwamba jambo halipo. Menyu haiwezi kukupa yakini hiyo, kwa sababu daima huenda kuna kitu chini ya kitu. Google haiwezi, kwa sababu kukosa jibu huenda ni kosa la maneno yako. Orodha yenye mwanzo na mwisho inaweza, mradi iwe kamili na ya kweli. Na wenye haja hiyo hawawezi kuonekana katika siku nne za steshenari, kwa kuwa anayeketi steshenari ana shida moja na anataka kuimaliza aondoke.

Baadaye nilisoma Mwongozo wa WCAG, viwango vya kimataifa vya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, nikakuta kwamba tangu toleo la 2.0 la Desemba 2008 kipo kipengele cha 2.4.5 kinachotaka ukurasa upatikane kwa njia zaidi ya moja, na ramani ya tovuti ni mojawapo ya njia zilizotajwa katika maelezo yake. Kiwango hicho nilikuwa nimekiona kabla, nikakihesabu kama mambo ya kujaza kwenye taarifa.

Ukurasa niliurudisha, lakini haukuwa ule wa zamani. Jina nililibadilisha kuwa "Orodha ya Kurasa Zote", na kando yake nikaweka kiungo cha pili, "Njia ya Kufika Chuoni", chenye ramani halisi kutoka Msamvu, kwa heshima ya yule mzee. Mafungu ya idara niliyavunja. Fungu la kwanza likawa mistari minane ya dada wa steshenari, ikiwemo ile inayokwenda nje ya tovuti yetu, jambo lililoleta ubishi kikaoni kwa sababu mjumbe mmoja hakuona kwa nini chuo kiwatangazie wengine. Mafungu yaliyofuata yalifuata safari ya mwanafunzi: kabla ya kuomba, baada ya kuchaguliwa, akiwa chuoni, akimaliza. Mambo ya utawala yalikwenda mwisho. Habari za matukio sikuziingiza, kwa kuwa ni nyingi na zinachakaa, ila nilisema wazi juu ya orodha kwamba hazimo, ili anayetegemea ukamilifu asidanganyike. Kila fungu lilipewa kichwa cha kweli, kile ambacho herufi H inaweza kukiona, si maneno yaliyokozwa wino tu. Hakuna picha hata moja, na bila kukusudia hilo likawa na faida yake: wanafunzi wenye bando linaloishia au mtandao unaosuasua hufungua ukurasa huo upesi kuliko mwingine wowote tulionao.

Menyu nayo ilirekebishwa ifunguke kwa kibodi, kazi ambayo ilipaswa kutangulia yote haya.

Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress lilianza kutengeneza lenyewe ile ramani ya mashine, nikaacha kuishughulikia, na mbinu zangu za tarehe zikafa nayo. Wenzangu walinishauri na ya watu niiache ijitengeneze vilevile, kwani zipo programu za nyongeza zinazofanya kazi hiyo bila kuguswa. Nilijaribu moja kwa mwezi. Iliorodhesha kila kitu bila kosa, ikiwemo kurasa za majaribio, kurasa mbili za shukrani zinazoonekana baada ya kutuma fomu, na ukurasa wa ada wa mwaka uliopita ambao mtu alikuwa ameurudisha hewani kimakosa. Mashine haikuona ubaya wowote. Nikaiondoa. Kila mwanzo wa muhula mimi na msaidizi wangu hukaa asubuhi moja tukaipitia orodha kwa mkono, mstari kwa mstari, na hatujawahi kuimaliza bila kwenda ofisi ya mtu kuuliza jambo. Mhasibu siku hizi akiniona mlangoni na karatasi anavua miwani kabla sijasalimia.

Takwimu za ukurasa huo bado ni ndogo. Roboti zikitolewa, hauingii hata katika kurasa ishirini za juu, na mwaka jana kijana mpya wa kitengo, mwenye akili na haraka kama nilivyokuwa, alipendekeza kikaoni uondolewe kwa sababu hautumiki. Sikumjibu pale. Nilimpa namba ya Mwalimu, baada ya kumwomba Mwalimu ruhusa, nikamwambia ampigie aulize.

Walizungumza karibu saa nzima. Aliporudi hakuniambia walichoongea, ila alikuwa na karatasi yenye mambo matatu: kiungo cha ratiba ya mitihani kinaleta ya mwaka uliopita, fungu la nne halina kichwa tangu tulipobadilisha rangi za tovuti, na neno "malazi" liongezewe "hosteli".